Unyayo wa Mama Mkwe

Jumanne, 8 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Kibanda kinavuja upande wa gundi. Nimehamishia makopo kwenye kiti cha wateja. Wateja wasimame, hawatayeyuka.

Mwalimu kaja tena na soli zake. Ana nyayo bapa, zimelala chini kama chapati, na akisimama darasani asubuhi nzima magoti yanamuuma. Ndiye aliyenitia kwenye kazi hii ya kuweka kigongo ndani ya soli, pale kwenye uvungu wa unyayo, ili mguu ubebwe usilalie ndani. Leo kigongo kiko nyuma mno. Juzi kilikuwa mbele mno. Nimekichonga mbele ya macho yake, akavaa, akatembea hadi kwa muuza mihogo, akarudi, akasema bado. Nimechonga tena. Ananichosha huyu mtu. Lakini mdomo wake ndio unaoniambia pa kukata.

Mke wangu Asia karudi kutoka Salale kumwona mama yake. Kaja na kamba wakavu na kichekesho. Mama katoka kupalilia mpunga, kafika nyumbani na kandambili moja. Ya pili imebaki njiani kwenye tope, na mwenyewe hana habari. Alipoulizwa akatazama mguu wake, akacheka kuliko wote.

Tumecheka sana na sisi.

Ijumaa, 11 Aprili

Kichekesho kimekataa kunitoka. Nilikuwa nacho hata msikitini. Kandambili inatokaje mguuni mtu asijue?

Asia anasema mama siku hizi anajikwaa hata kwenye sakafu tupu. Alianguka kwenye ubao wa kupandia boti. Ana sukari, lakini hiyo ni ya siku nyingi, vidonge anakunywa. Analalamika kidogo kwamba miguu imekufa ganzi. Asia anasema ni maji ya mpunga. Mimi nasema ni kandambili. Kandambili haina ukingo, kisigino kinaelea, gidamu ndiyo inashika kila kitu. Mtu mzima kwenye utelezi wa delta na kandambili! Anahitaji kisigino kipana, ukingo wa nyuma, kigongo cha kumweka sawa. Anahitaji fundi, na fundi yupo kwenye ukoo.

Tabu ni kipimo. Kwetu mkwe hashiki mguu wa mama mkwe wake. Hautazami hata kuutazama. Tangu nimuoe Asia sijawahi kuuona mguu wa Bi Pili. Nikikutana naye njiani napisha pembeni, nainamisha macho, naamkia. Yeye anajifunika upande wa khanga na kuitikia. Nikienda kwake naandaliwa chumba cha mbele, yeye sauti yake inatoka nyuma ya pazia. Heshima hiyo naipenda. Wapo wenzangu hapa stendi wanaotukanwa na mama wakwe zao kwenye simu, spika imewashwa.

Nimemwambia Asia akienda tena amkanyagishe mama kwenye udongo, kisha aniletee huo udongo.

Jumatano, 16 Aprili

Udongo umefika. Asia kaupakata kwenye beseni ndani ya boti hadi Nyamisati, kisha bodaboda hadi Bungu, kisha gari. Kaufunika kitambaa kibichi. Haukupasuka. Mke wangu angekuwa fundi mzuri kama asingekuwa mvivu wa kushona.

Udongo wa kijivu wa mikokoni, laini. Nyayo mbili, zimetoka vizuri hadi mistari.

Nimezitazama muda mrefu. Mtu akikanyaga tope mguu wake unajishika. Vidole vinauma udongo, hata vya mtoto anayejifunza kusimama. Vidole vya Bi Pili havikuuma kitu. Vimelala juu tu, kama vya mtu aliyebebwa na kuwekwa pale. Wa kushoto ndio zaidi. Na uvungu wa kushoto umekaa chini wote, umebonyea ndani.

Sikuupenda unyayo ule. Nimesema ni uzee.

Nimemimina saruji.

Alhamisi, 17 Aprili

Saruji imekauka. Miguu miwili ya Bi Pili iko juu ya meza yangu ya kazi, kisigino na vidole. Nimeona haya kuishika. Nimeona haya kushika saruji! Nimeifunika kwa kitambaa na kuipima kwa kupapasa chini ya kitambaa. Wenzangu wamenicheka mpaka jioni. Wacheke.

Jumapili, 20 Aprili

Kazi inakwenda. Soli ya chini tairi la bajaji, maana la lori ni gumu kwa mama. Katikati sponji. Juu ngozi ya ng'ombe. Kisigino nimekitanua pembeni kote ili kisizame upande mmoja. Ukingo wa nyuma umepanda, unakumbatia. Mikanda miwili ya kufunga juu, si ya kuchomeka, kwa hiyo hakuna kitakachobaki njiani.

Kigongo nimekichonga peke yake, nikakikalisha chini ya ngozi. Cha kulia kidogo. Cha kushoto kimepanda zaidi, kwa sababu mguu wa kushoto ndio unaoanguka ndani. Nimevikalisha juu ya miguu ya saruji, vimekaa kama vimezaliwa pale.

Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama hiki. Naandika hapa kwa sababu nikisema stendi wataniambia najisifu.

Jumamosi, 26 Aprili

Shemeji Athumani kapita kuleta samaki. Ndiye kaka yake Asia anayeishi na mama. Nimempa viatu. Kavigeuza, kavinusa, kauliza na yeye atapata lini. Nimemwambia aoe kwanza dada wa fundi.

Alhamisi, 1 Mei

Simu kutoka Salale. Asia kaongea, mimi nimesikiliza kwa pembeni. Bi Pili kavaa tangu alipopewa. Kaenda navyo shambani, kaenda navyo msibani. Hajaanguka. Asia kauliza kama vinabana, kama kigongo kinasumbua. Nikasikia sauti ya Bi Pili mwenyewe, kwa mbali:

"Mwambie mkwe wangu mie sina neno. Kama sijavaa kitu."

Kama sijavaa kitu. Nimetembea nayo kichwani siku nzima. Mwalimu ana wiki ngapi ananichongesha, na huyu mama mara moja tu, kwenye udongo, bila hata kumwona. Kichwa kimenivimba. Nimekula wali kwa furaha, nikamwambia Asia anitie tena.

Jumanne, 13 Mei

Athumani kapita tena. Anasema mama bado anayumba kidogo upande wa kushoto. Na siku hizi anapiga chini kwa kishindo kama mgambo, wanamsikia tangu kwenye minazi. Yeye anaona inachekesha.

Nimefikiri. Mguu bado unaanguka ndani, basi kigongo hakitoshi. Nimemwambia Asia apige simu aulize jambo moja tu: je, kinauma? Hata kidogo? Jibu limekuja: hakiumi kabisa, mie sina neno, Mungu amzidishie.

Kama hakiumi, kuna nafasi ya kupandisha. Ndivyo tunavyofanya kazi hii. Unapandisha mpaka mtu aseme basi, kisha unarudi nyuma kidogo. Nimetengeneza kushoto kipya. Kigongo kirefu zaidi, na safari hii nimekichonga kwa tairi la lori kwa sababu la bajaji linabonyea. Athumani kaondoka nacho.

Jumatatu, 19 Mei

Nimegombana na mwalimu.

Kasikia habari za viatu vya mama mkwe, kataka na yeye kigongo cha namna ile. Nilikuwa nimechonga cha ziada, nikamtilia. Hakufika kwa muuza mihogo. Karudi anachechemea, kavua, kakitupa mezani. Akasema, "Huyu mama mkwe wako ana miguu ya chuma?"

Nimemwambia yeye ndiye aliyedekezwa na viti vya ofisini. Kaondoka kwa hasira. Mwalimu gani mwenye kiti cha ofisini. Nilisema tu.

Nimekishika kile kigongo baada ya yeye kuondoka. Nimekibonyeza kwa kidole gumba. Ni kigumu kweli. Nimekitia kwenye droo.

Alhamisi, 22 Mei

Kiatu cha kushoto kimeletwa. Mkanda umekatika. Mkanda mpya, ngozi nzuri, uzi mzito, umekatika kutoka ndani kwenda nje, kama mguu umeumuka. Nimemtumia salamu kwamba asifunge kwa nguvu.

Na juu ya kigongo kuna doa. Rangi ya hudhurungi iliyoiva, duara, ukubwa wa kizibo cha soda. Nimelikwangua, halikutoka. Bi Pili anasuka mikeka, kila mara anachemsha ukindu kwenye rangi ya maganda ya mkoko, na rangi ile ikigusa kitu haiachi. Ni hiyo. Atakuwa kakanyaga maji ya rangi.

Kiatu cha mama mkwe hakiwezi kurudi na doa. Nimebandika ngozi mpya juu yake, nikashona kwa uzi mweupe. Kinapendeza. Kina harufu kidogo, ngozi iliyolowa ikakosa jua.

Jumapili, 1 Juni

Asia kaongea na nyumbani. Wanavuna. Mama yuko shambani kila siku, hakai. Halafu kaka yake kamsimulia kituko: sisimizi wameingia kwenye kiatu cha mama mlangoni. Msururu mzima. Cha kushoto tu, cha kulia hawakigusi. Mama kakung'uta, kavaa, kasema mkwe wangu ametia sukari kwenye gundi.

Asia kacheka. Mimi sikucheka. Gundi ninayotumia ni chungu, hata panya wa stendi hawaigusi. Nina viatu vingi hapa kibandani, vya watu wa kila namna, na sijawahi kuona sisimizi kwenye kiatu.

Nimetaka kumwambia Asia aende. Kisha nikaona nitamtia hofu bure wakati Idi imekaribia na tutakwenda wote. 

Jumamosi, 7 Juni. Idi

Salale. Tumeswali, tumekula, tumerudi. Naandika nikiwa nimechoka, lakini nisipoandika sitalala.

Nyumba ilifukizwa udi. Mwingi. Udi wa Idi naujua, huu ulikuwa wa kufunika kitu. Chini ya udi kulikuwa na harufu nyingine, tamu, ya kukaa muda mrefu. Nikajiambia ni samaki wa ng'onda nje. Nje hapakuwa na samaki.

Nilikaa chumba cha mbele. Nikamsikia anakuja nyuma ya pazia. Mguu wa kulia, kisha kishindo. Mguu wa kulia, kisha kishindo. Nikamwamkia, akaitikia, akaniombea dua ndefu kwa ajili ya viatu.

Pazia lile ni fupi. Niliviona viatu vyangu chini yake. Ndani yake kavaa soksi nene, kwenye joto lile. Soksi ya kushoto ilikuwa na rangi nyingine upande wa chini.

Nikainamisha macho haraka. Sikutakiwa kuona.

Tulipokuwa tunaondoka Asia akaniletea kiatu cha kushoto, mkanda umeachia tena. Alikabidhiwa mlangoni. Nikamuuliza kama kamwona mama miguu. Akasema mama katia udhu peke yake uani, hakutaka mtu. Nimekitia kiatu kwenye mfuko wa plastiki, nikaufunga fundo.

Jumatatu, 9 Juni

Nimefungua mfuko.

Doa limerudi. Lilelile, mahali palepale, juu ya ngozi niliyobandika mimi. Kubwa zaidi, bichi katikati. Na ndani yake kuna kitu kimejibana. Nikakichokonoa kwa msharasi wa kushonea, kikatoka. Gamba la konokono wa mikokoni, lenye ncha. Limekandamizwa kwenye ngozi mpaka limejichimbia shimo lake. Upande wa juu umesuguliwa ukang'aa, laini kabisa. Gamba halisuguliki vile kwa siku moja.

Mtu amelikanyaga gamba hili. Shambani, jikoni, msalani, kwenye boti. Siku na siku. Akasema hana neno.

Nikavua kiatu changu, nikalitia gamba ndani, nikasimama. Sikuweza kupiga hatua ya pili. Nikakaa chini kwenye matope mbele ya watu.

Nimeikumbuka kandambili iliyobaki njiani. Na vidole vilivyolala juu ya udongo. Yote niliyaona, na macho ninayo.

Nimempigia Athumani. Nimemwambia mvue mama soksi. Akasema mama hataki. Nikampigia kelele, mimi mkwe, nimepiga kelele juu ya mguu wa mama mkwe wangu na stendi nzima inasikia. Mvue!

Kakata simu. Hajapiga tena. Mtandao hakuna.

Jumanne, 10 Juni

Asia kaondoka na gari la kwanza. Sikwenda kibandani. Nimekaa na simu mkononi.

Kapiga adhuhuri. Hakulia, na hilo ndilo lililonitisha. Kasema kuna shimo. Katikati ya unyayo, pale pale. Kidole kinaingia. Mguu umevimba hadi juu ya kifundo na rangi yake si ya mguu. Walipoligusa, mama alikuwa anazungumza na jirani habari za mpunga, hakugeuka.

Maji yalikuwa yametoka. Boti imekaa juu ya tope na hapana pa kupita mpaka maji yajae. Nilikuwa huku nayahesabu maji nisiyoyaona. Mwishowe Athumani kambeba mgongoni, kapita naye kwenye tope la magotini hadi mkondoni, wakaita boti nyingine. Walifika Nyamisati jua limeinama. Sasa wako hospitali. Nakwenda.

Jumatano, 11 Juni

Muuguzi kaniuliza mimi ni nani wa mgonjwa. Nikasema mkwe. Kauliza viatu gani alikuwa anavaa. Asia akatazama pembeni. Nikamtolea kile cha kushoto kutoka kwenye mfuko.

Kapitisha kidole ndani. Kafika kwenye kigongo, kidole kikasimama. Hakunifokea, na ningependa angenifokea. Kasema sukari ilikwisha kuua fahamu za miguu siku nyingi, mguu wa namna hiyo hauwezi kukwambia kitu. Kidonda kimeanzia hapa. Akanirudishia kiatu.

Bi Pili alilijua doa kabla yangu. Kamwambia Asia leo. Aliliona kwenye udhu, mwezi uliopita, jekundu dogo. Akafunga kitambaa. Likazidi, akavaa soksi. Kila Asia alipopiga simu alisema hana neno.

Asia kamuuliza kwa nini, mama, kwa nini. Akajibu, "Ningemwambiaje mkwe wangu kiatu chake kimenila?"

Nilikuwa nje ya mlango. Nimesikia.

Jumamosi, 14 Juni

Dawa hazishiki. Homa haishuki. Daktari kawaita Asia na Athumani, wakatoka wakiwa hawatazamani.

Bi Pili kauliza jambo moja tu: ataweza kusujudu? Wakamwambia ataswali amekaa. Akasema sawa.

Namchukia Mungu, anisamehe. Simchukii Mungu. Najichukia mimi na kisu changu.

Jumanne, 17 Juni

Wamekata. Chini ya goti.

Mguu ulipaswa kuzikwa. Athumani kapewa umefungwa kitambaa cheupe, akashindwa kuubeba peke yake. Hakukuwa na mwanamume mwingine wa nyumba ila mimi. Nimempokea. Tumekwenda makaburini hapa Kibiti, tumechimba shimo dogo kwenye kona, tumefukia.

Kwa hiyo nimeushika mguu wa mama mkwe wangu. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani.

Jumatano, 2 Julai

Nimefungua kibanda. Gundi imekauka kwenye makopo yote.

Mwalimu kaja. Hakusema habari za ugomvi. Kavaa zile soli zake za zamani, zile za tairi la bajaji, anasema sasa zimemkaa. Kasimama kidogo, kaniambia pole, kaondoka bila kulalamikia kitu. Nimetamani alalamike.

Nimevitoa vigongo vyote kwenye droo. Vya tairi la lori nimevitupa kwenye moto wa muuza mihogo. Kafoka kwa sababu ya moshi. Miguu ya saruji bado iko kwenye rafu chini ya kitambaa, yote miwili. Sijui la kufanya na wa kushoto. Kuuvunja siwezi.

Jumapili, 13 Julai

Bi Pili yuko kwetu. Karuhusiwa juzi. Kwake hawezi kurudi sasa, kwenye ule ubao wa boti. Mama mkwe chini ya paa la mkwe wake, na nyumba yenyewe vyumba viwili. Mimi nakohoa kabla ya kuingia uani. Yeye anajivuta ndani akinisikia. Tunaishi hivyo, kila mmoja anamkimbia mwenzake kwenye nyumba ya kufuli moja.

Chakula changu kinakuja moto. Asia anasema mama ndiye anayepika, amekaa kwenye mkeka. Sijui nifanye nini na wema huu. Unanichoma.

Muuguzi kasema mguu uliobaki ndio wa kulindwa. Ukienda na huo, basi. Anahitaji kiatu cha kulia, kipana, laini, kisicho na kitu ndani. Na anayekitengeneza lazima kwanza ajue ni wapi mguu unasikia na wapi hausikii. Kaonyesha namna: unamfunika macho, unagusa kwa ncha ya uzi wa plastiki, unauliza. Asia kajaribu, anabonyeza mno.

Nimemwambia Asia sithubutu.

Jumapili, 20 Julai

Leo Bi Pili mwenyewe kaniita. Kwa jina la mwanangu mkubwa, Baba Rehema, kutoka ndani, kwa sauti.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka, kaegemea ukuta. Mguu wa kulia kaunyoosha mbele. Upande mwingine khanga imekunjwa vizuri juu ya mto. Asia kakaa karibu naye. Nikamwamkia nikiwa natazama ukuta. Akaitikia. Akasema, "Shika, baba. Mie ndiye niliyekuita."

Akajifunika uso wote kwa khanga. Nikajua ni kwa ajili ya kipimo na kwa ajili ya haya, vyote viwili.

Nimekaa chini. Nimeushika. Ni mguu mwembamba, una joto, una kovu la zamani kwenye kifundo, labda la mwiba au la jembe. Nimeutazama kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake. Nje mtu alikuwa anatwanga.

Nimeshatengeneza soli kichwani. Tambarare. Sponji mbili juu ya tairi jepesi, ngozi ya mbuzi, mshono wote kwa nje. Kisigino kipana kwa sababu sasa ataegemea upande huu na gongo. Mdomo wa kiatu wazi, ili kila asubuhi Asia atie mkono mzima ndani kabla mguu haujaingia. Kigongo hakuna. Doa likionekana tusilisingizie rangi ya ukindu.

Nikachukua uzi. Nikamgusa kwenye kidole gumba. Unasikia, mama? Nasikia, baba. Nikashukuru Mungu. Nikamgusa kisigino. Nasikia. Nikamgusa katikati ya uvungu. Nasikia, baba. Jibu lilikuja upesi, kila mara, kwa sauti ileile ya upole. Asia akawa anatabasamu.

Mimi nilianza kuogopa. Nikaurudisha mguu polepole juu ya mkeka. Nikaweka uzi chini. Mikono yangu yote miwili nikaiweka magotini kwangu, Asia anaiona, tabasamu likamtoka.

Nikauliza, na hapa, mama?

Chini ya khanga akasema, "Nasikia, baba. Mie sina neno."